Baba Panya na Picha Zilizodanganya

Shemeji zake walimwita Baba Panya, na jina likamganda. "Wenzako wanafuga ng'ombe, wewe unafuga wezi wa unga!" walimtania. Alicheka nao. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutunza panya weupe wa maabara ya utafiti: kubadilisha maranda vizimbani, kujaza chupa za maji, kuwapima uzito mmoja mmoja.

Mwaka mmoja akaja mtafiti mpya, daktari mwanamke wa makamo, mchapakazi kwelikweli. Alikuwa akijaribu dawa ya saratani iliyobebwa na chembe ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haizioni. Ili ajue kama dawa inafanya kazi, aliwadunga panya sukari yenye mionzi kidogo. Uvimbe wa saratani ni mlafi; huifakamia sukari hiyo, na kwenye mashine ya picha hung'aa kama kaa la moto. Dawa ikiupata, mng'ao hufifia.

Lakini picha zilimtia wazimu. Panya walikuwa na uvimbe mgongoni, ila waling'aa hata shingoni na mabegani. Miezi minne ikapita hivyo. Siku moja Baba Panya alipoleta vizimba, alimkuta ameinamia meza, kichwa mikononi.

"Pole, daktari."

"Asante, mzee wangu. Naona dawa yangu inaisambaza saratani badala ya kuiua. Wiki ijayo naifunga hii kazi."

Baba Panya akakohoa. Hakuwa na mazoea ya kuingilia mambo ya wasomi.

"Samahani, mwanangu. Hawa wakifika hapa huwa wanatetemeka. Kwangu kuna joto, huku kwenu kiyoyozi kinauma mpaka kwenye mifupa. Na wanasubiri zamu yao saa nzima."

Daktari akainua kichwa taratibu. "Wanatetemeka? Tangu lini?"

"Tangu mashine ihamishiwe chumba hiki."

"Mbona hukusema, baba?"

"Sikuulizwa."

Daktari akajipiga paji la uso. Akamweleza kwamba shingoni na mabegani panya ana mafuta ambayo mwili huyachoma akipata baridi, na moto huo nao hula sukari. Huenda basi hawakuwa na saratani shingoni. Walikuwa wakiota moto wao wenyewe!

Siku iliyofuata waliviweka vizimba juu ya mifuko ya maji ya moto, wakavifunika blanketi. Picha ilipotokea, doa lilikuwa moja tu, mgongoni. Baada ya wiki tatu za dawa lilikuwa limefifia hata ikabidi kulitafuta kwa jicho kali. Daktari alimkumbatia mzee palepale, na harufu yake ya mkojo wa panya, mbele ya wanafunzi wote.

Leo dawa hiyo inajaribiwa kwa wagonjwa wachache wa mwanzo, na bado hakuna ajuaye itafika wapi. Lakini daktari aliweka sharti: kila mtafiti mpya akae kwanza wiki nzima na Baba Panya, ajifunze kumtazama mnyama kabla ya kutazama picha yake.

"Namshukuru Mungu," Baba Panya alimwambia mkewe jioni moja, akivua viatu mlangoni. "Na yule mama namshukuru. Angeweza kuniambia nirudi kwenye maranda yangu. Akavuta kiti, akaniambia, kaa, nieleze vizuri."