Jenereta Niliyoweka Chumba cha Mayai

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na tatu, ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yangu kule upande wa Ewuaso Kedong, na hapo ndipo shida zangu zilianza. Nilikuwa darasa la pili. Niliacha shule na sikurudi, na sijawahi kulia juu ya hiyo. Nilitembea mpaka Kitengela nikachunga ng'ombe wa watu, wale wanaongoja kuchinjwa. Nikachimba mawe. Nikauza mbuzi. Pole pole nikanunua shamba, wakati watu wa rika langu walikuwa wanauza lao. Hayo nayapitia mbio kwa sababu kila mzee wa hapa ako na hadithi ya kuteseka, na ukisikia moja umesikia zote. Ile nataka kusimulia ni ya juzi tu, ya jenereta.

Kwanza lazima niseme habari ya kuku, kwa sababu bila kuku jenereta haina maana.

Mimi ni mzee Mmaasai na ninafuga kuku. Mtu wa mbali hawezi kujua uzito wa hayo maneno. Kwetu kuku ni kitu cha akina mama, kinatembea nyuma ya jikoni, na mzee akiulizwa mali yake hawezi kukitaja. Mimi niliuza fahali wangu mkubwa, yule mweupe ambaye watu walikuwa wanatoka Isinya kuja kumwangalia, nikanunua mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni sanduku kubwa kama kabati, lina trei ndani, linatumia stima. Unaweka mayai mia tatu, unangoja siku ishirini na moja, yanatoka yakilia.

Siku fahali alipakiwa kwa lori, rafiki yangu alikuja kusimama kando ya barabara kama mtu amekuja mazishini. Huyu ni mtu wa rika langu, tumetahiriwa mwaka mmoja. Tukiwa vijana alinipa kondoo, na kwa desturi yetu mtu akikupa kondoo mnaacha majina yenu, mnaitana Paker mpaka mmoja afe. Ukipewa ng'ombe mnaitana Pakiteng. Kwa hivyo mimi namwita Paker na yeye ananiita Paker, na hakuna mtu duniani amenitukana zaidi yake.

"Paker," aliniambia siku hiyo, "fahali amegeuka kuwa kabati."

"Ngoja uone itazaa nini."

"Itazaa kelele. Na wewe utakuwa mchunga kuku. Utatembea nyuma yao na fimbo, wakiingia kwa kichaka utawapigia mluzi."

Hiyo ya mluzi ilienda mpaka Kajiado mjini. Nikienda mnada wa mbuzi, wazee wa rika wananipigia mluzi. Kwa hivyo mujue, nilipoweka yale mayai mia tatu ya kwanza, sikuwa nimeweka mayai. Nilikuwa nimeweka fahali wangu na jina langu. Yakiharibika, mluzi ule ningesikia mpaka kaburini.

Siku ya kumi na tisa, redio ilisema kuna kimbunga baharini. Mke wangu akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia bahari iko mbali, sisi tuko Kitengela. Saa tisa mchana upepo ulikuja. Uling'oa mabati ya jirani, ukayabeba juu ya ua wangu kama karatasi. Mvua ikafuata, ya pembeni, ile inaingia mpaka chini ya mlango. Nguzo mbili za stima zililala barabarani na waya zake. Taa ya mashine, ile nyekundu ya kusema moto uko, ikazima.

Sasa, jenereta nilikuwa nayo. Niliinunua ya mitumba kutoka kwa mtu alikuwa anahama Embulbul, miaka kama minne imepita, na tangu siku hiyo ilikuwa inakaa sebuleni karibu na televisheni. Mke wangu aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kushonwa maua, kama vile amefunika makochi. Wageni walikuwa wanaweka vikombe juu yake. Mimi nilikuwa nasema kwa sauti, "Weka kikombe hapo juu ya jenereta," ndio mgeni ajue ni nini.

Haikuwaka. Nilivuta kamba mpaka bega likakataa. Ile jioni mke wangu alichemsha maji, akajaza mitungi, akaipanga ndani ya mashine kati ya trei, na tukafunika sanduku lote kwa blanketi. Akabadilisha maji mara nyingi, hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ilinitisha kuliko upepo.

Asubuhi ya siku ya ishirini nilisafisha plagi kwa kisu, nikaweka petroli mpya, nikavuta. Ikanguruma. Nilisikia vizuri kama nimesikia ng'ombe aliyepotea akirudi.

Hapa ndipo nilitumia akili yangu. Chumba cha mayai ni stoo ya mabati nyuma ya nyumba, ina mlango mmoja, haina dirisha. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha. Waya yangu ilikuwa fupi, hatua mbili tu. Na kuna wezi. Tena kuna majirani, ambao wakisikia jenereta watakuja na simu zao zote kuchaji, na mayai yangu yatakosa moto kwa sababu ya mambo ya WhatsApp. Nikaangalia yote hayo nikasema: weka ndani. Injini ni moto, mayai yanataka moto. Nitapata faida mara mbili.

Mke wangu alisoma mpaka darasa la saba. Alikuja na kile kitabu cha jenereta, akanionyesha picha ya nyumba imepigwa mistari miwili ya kukataza.

"Inasema usiwashe ndani. Moshi wake unaua."

Niliangalia picha vizuri. Ile nyumba ilikuwa na bomba la moshi juu ya paa. Yangu haina. Nikaona hilo onyo ni la watu wenye nyumba kama ile.

"Mama," nikamwambia, "mimi nimezaliwa ndani ya moshi. Mama yangu alikuwa anapika ndani, ndama wanalala ndani, sisi tunalala ndani, na moshi umejaa mpaka huoni mkono. Kama moshi unaua, kuna Mmaasai angekuwa amebaki?"

Alirudi jikoni na kitabu chake.

Basi nikafunga mlango ndio joto lisitoke, nikakaa kwa kigoda karibu na mayai. Kabla ya saa sita Paker akafika, amelowa, ameshika simu mbili, yake na ya mke wake. Alikuwa anazunguka akitafuta stima, akafuata ngurumo.

"Sopa, Paker," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Ingia ufunge mlango, usipoteze moto."

Aliingia, akachomeka simu, akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku. Akaangalia mashine, akaangalia jenereta, akaniangalia.

"Fahali alikuwa anakula nyasi," akasema. "Huyu anakunywa petroli."

"Kesho utaona vifaranga."

"Nitaona mayai ya kuchemsha. Leteni chumvi."

Tulikaa hivyo, tunatukanana. Baada ya muda nikaona Paker hacheki tena. Akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni kwa sababu ametembea na mvua, amezeeka. Changu pia kilikuwa kinagonga, lakini sikusema, kwa sababu angesema mimi ndiye nimezeeka. Akasema anasikia usingizi. Nikasema lala, kuku hawaumi. Miguu yangu ilikuwa mizito kama imezikwa. Nikajiambia ni uchovu wa kuchemsha maji, ingawa maji alichemsha mke wangu.

Nakumbuka Paker akiuliza, pole pole sana, "Kwani mayai yako mangapi? Naona mengi." Na mimi nikajaribu kumjibu nikakuta ulimi umelala.

Kitu kingine ninachokumbuka ni mvua usoni. Mke wangu alikuwa amekuja na chai, akafungua mlango, akatukuta tumeegemeana kama magunia mawili. Alinishika kwa shuka akanivuta kwa matope kama mtu anavuta ndama. Akarudi kwa Paker. Kisha akafunika mdomo, akaingia tena, akazima jenereta, akaacha mlango wazi kabisa. Paker alitapika. Mimi pia nilitapika, lakini kidogo.

Mke wangu alisimama juu yetu na mvua ikimpiga. Alisema, "Mmaasai amebaki. Wawili."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Akaenda kuchukua mitungi ya maji moto.

Tulikaa chini ya mti wa kei, ule wa miiba, karibu na ua mpaka kichwa kikarudi. Nilikuwa nimekaribia kumuua mtu aliyenipa kondoo, na sababu ilikuwa kiburi na waya fupi. Ni yeye alianza kuongea.

"Hiyo jenereta inatakiwa kuwa wapi?"

"Huko mwisho wa ua, mke wangu amesema akipita na maji. Mbali na mlango, upepo ubebe moshi. Lakini waya haifiki."

Paker akasema kwake kuna waya ndefu, ile ya pampu ya kisima, mita kama hamsini. Lakini miguu yake bado ilikuwa inatetemeka. "Nenda wewe. Mwambie mke wangu akupe."

"Na mayai? Mama peke yake hawezi kuchemsha maji na kushika joto."

Aliangalia mbali, upande wa Ngong, kama mtu anatafuta mbuzi huko.

"Mimi nitakaa nayo," akasema.

Nilitembea karibu saa nzima. Mto mdogo wa hapo chini ulikuwa umejaa, nikavuka mpaka kiunoni. Mke wa Paker aliniona nikiingia peke yangu, nimejaa matope, akashtuka.

"Mzee wangu yuko wapi?"

Mngekuwa mimi mngesema nini? Nilisubiri miaka mingi kumrudishia Paker.

"Ameatamia mayai," nikamwambia.

Aliketi chini kucheka. Akanipa waya, na kabla sijafika kwa lango nilimsikia anawaita wanawake wa boma la pili.

Niliporudi, chumba kilikuwa wazi, moshi umeisha, mke wangu anatoka na mtungi uliopoa. Ndani Paker alikuwa kifua wazi. Shuka lake jekundu lilikuwa limefunika mashine, limezungushwa na kufungwa vizuri kama vile mtu anamfunga mtoto mgonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa amelala juu yake, mikono imekumbatia kabati, sikio limebanwa kwa mbao.

"Paker," nikasema.

"Nyamaza. Wanaongea."

Nikaweka sikio upande wangu. Ni kweli. Ndani ya mayai, bado hayajapasuka, kulikuwa na vilio vidogo, huyu anaita na yule anajibu. Tulibaki hivyo, wazee wawili wenye wajukuu, masikio kwa kabati, mpaka mke wangu akauliza kama jenereta itajipeleka nje yenyewe.

Tuliibeba sisi wawili mpaka mwisho wa ua. Tukasimamisha miti minne, tukaweka juu bati lile la jirani lililoletwa na upepo, pembeni tukaacha wazi. Mke wangu akapima hatua kutoka mlangoni, akasema ishirini na tano, inatosha. Akasema tena petroli haiongezwi kama injini bado ni moto, izimwe kwanza ipoe, na Paker akaitika "ndiyo mama" kabla yangu.

Siku ya ishirini na moja walitoka. Si wote. Mayai mia tatu yalitoa vifaranga mia mbili na kumi na mmoja. Wengine walikufa na ule moshi wangu, hilo nalijua na sihitaji mtu wa kunieleza. Lakini mia mbili na kumi na mmoja walisimama, wamelowa, wakakauka, wakawa manjano, na chumba kikajaa kelele. Paker hakuwa ameenda kwake. Alikuwa amekaa kwa gunia, amevaa shuka lake lenye harufu ya maganda.

Majirani walikuja na simu zao na tukazichaji. Hakuna aliyepiga mluzi.

Wakati wa kuondoka Paker alisimama mlangoni, akaangalia mawingu.

"Mke wangu anapenda vitu vidogo," akasema. "Unaweza kumpa wachache. Ni yeye."

Nilimpangia kumi kwa katoni, nikatoboa matundu. Akaipokea kwa mikono miwili, chini ya shuka, ndio barabarani wasione. Nikamuuliza sasa tutaitana nani, kwa sababu desturi ni desturi, na nimempa kitu chenye uhai.

"Tutaitana Paker," akasema. "Kondoo ilikuwa ya kwanza. Ukinipa jina la kuku nitarudisha katoni."

"Na kule kwako unajua wanawake wanakuita nani tayari?"

Aliniangalia. Alianza kuelewa. Akaenda akinitukana mpaka kona, lakini polepole, asitingishe katoni.

Leo niko na shamba ekari kumi na mbili, kando ya barabara ya Namanga, na karatasi zake. Niko na nyumba ya mawe, vyumba vitano. Niko na ng'ombe, na hao kwa desturi hatuhesabu. Mbuzi, pia. Kisima kimoja. Mashine ya kutotolesha, moja, na ya pili inakuja. Chumba cha mayai chenye madirisha mawili. Kuku mia nne na zaidi, na hao nahesabu kila asubuhi kwa sauti. Waya ya mita hamsini, ya Paker, ambayo amesema hataki tena. Jenereta moja, inakaa nje chini ya bati. Kitambaa chake cha maua kiko sebuleni, juu ya kigoda, na wageni bado wanawekea kikombe hapo.