Kipimo cha Bibi Yake Mariamu

Nakumbuka mchana mmoja wa mavuno kule Kinyangiri, mwanangu, nilipoulizwa swali na bibi kizee asiyejua kusoma, nikabaki nakodoa macho. Mimi, mwalimu mwenye cheti! Sijawahi kukusimulia kwa sababu aibu ya siku ile bado inaniwasha. Lakini tangu Jumamosi, ulipokuja hapa Utemini na karatasi ya shule ya Neema, nimeona nikinyamaza nitakuwa nawaonea wewe na mjukuu wangu.

Karatasi inasema Neema yuko Darasa la Tatu, ila anasoma kwa kiwango cha Darasa la Saba. Nimefurahi, ningekuwa bibi wa namna gani nisipofurahi? Kisha ukaniambia umeshavifungia kabatini vitabu vyake vya picha, eti ni vya watoto. Ala! Na Neema ni nani, mzee wa kanisa?

Nilipopangiwa kazi Kinyangiri nilikuwa binti mbichi, nimetoka kwetu Unyambwa na saa ya mkononi aliyoninunulia baba. Saa ile ilinitia kiburi. Nikawa nawapima watoto nayo: mtoto anasoma, nami nahesabu maneno aliyoyasoma kwa dakika moja. Darasa la Tatu palikuwa na binti anaitwa Mariamu, mwembamba, mtulivu, analelewa na bibi yake. Huyo alisoma kama anakunywa maji. Nikampa kitabu cha Darasa la Tano, akapita. Cha Darasa la Saba, akapita. Nikakimbia ofisini kumwambia mwalimu mkuu kwamba nimevumbua kipaji, na walimu wenzangu wakanisifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia.

Mariamu alikuwa na kitabu kimoja cha picha alichokipenda, cha kuku na kicheche, kimechakaa hadi jalada limetoka. Nikamnyang'anya. "Hiki si saizi yako," nikamwambia. Badala yake nikampa cha uraia cha Darasa la Saba, na kila Jumatatu nikawa namsimamisha asome mbele ya shule nzima, ili wale wakubwa waone haya. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mariamu hakuulilia, mwanangu. Nilimshikisha mimi.

Jumatatu ya tatu, kijana mmoja wa Darasa la Saba, aliyechoka kuaibishwa, akapaza sauti: "Mwalimu, muulize maana yake nini!"

Nikamwuliza. Mariamu akaangalia kitabu, akaniangalia mimi, machozi yakamlengalenga. Shule nzima ikaangua kicheko. Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa. Siku iliyofuata wenzake wakaniletea kile kitabu na ujumbe: Mariamu kasema hasomi tena, atachunga mbuzi.

Hapo ndipo akili iliponirudi. Mtoto aliyesoma kuliko wote, na aliyemfukuza shule ni mimi niliyempenda.

Baada ya vipindi nikaenda kwao, kile kitabu mkononi. Nikamkuta bibi yake uani anapura mtama, Mariamu yuko kando anapepeta. Mtoto hakuinua uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na ile saa yako?"

Nikaficha mkono. Hakunifokea, na ningependa anifokee. Fimbo yake ikipanda na kushuka, akanieleza kwamba tangu Mariamu ajue herufi walikuwa na desturi yao. Mtoto anasoma ukurasa, kisha anamsimulia bibi kwa Kinyiramba, na bibi anauliza maswali. Akishindwa kusimulia, anarudia kusoma. Yule kicheche wa kitabuni bibi alimjua kama jirani mbaya, hata kumtukana alimtukana. Lakini tangu nilete kitabu changu kikubwa, masimulizi yamekwisha. Mtoto anasoma mbio, kisha ananyamaza.

"Mtama tunaupima kwa debe, mwalimu," akasema. "Debe litaniambia ni mwingi. Halitaniambia kama umeliwa na wadudu. Kwa hilo lazima nitie mkono." Akaweka fimbo chini, akaketi. "Haya, soma wewe, halafu uniambie kimesema nini."

Nikasoma ukurasa wa serikali ya kijiji, kwa kasi na madaha. Nilipomaliza, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Kwa hiyo mwenyekiti wetu anaweza kuninyang'anya lile shamba la bondeni, au hawezi?"

Weee! Nikatazama ukurasa. Maneno yote nilikuwa nimeyatamka, na hakuna hata moja lililoingia. Mara nikasema anaweza, mara nikasema inategemea.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Alikuwa Mariamu. Akaweka ungo, akaja kuketi kando yangu. "Mwalimu, tuanzie pale juu," akasema. "Hata mimi hapo ndipo paliponishinda."

Tukasoma polepole, tukasimama kila sentensi, mpaka tukaelewa: peke yake hawezi, hadi mkutano wa kijiji ukae. Mariamu akamgeukia bibi yake, akamweleza kwa Kinyiramba. Bibi akapiga makofi. "Nilijua! Na jinsi alivyokuwa ananitisha!"

Jumatatu iliyofuata niliyesimama mbele ya shule ni mimi, nikawaomba watoto radhi. Mariamu alikuwa amerudi, yuko mstari wa mbele, kitabu cha kuku na kicheche nilichomrudishia kakibana kwapani.

Sasa nisikilize. Karatasi ya Neema usiitupe, maana kipimo si adui. Rudi kwa mwalimu wake umwulize walipima nini: kasi, matamshi, au walimpa maswali akayajibu? Kuuliza si ujinga. Ujue pia kwamba kiwango cha Darasa la Saba hakimfanyi kuwa na miaka kumi na mitatu. Anaweza kusoma maneno ya mambo ya wakubwa, lakini moyo utakaoyabeba bado ni wa miaka tisa, kwa hiyo kabla hujampa kitabu, kisome wewe kwanza. Vigumu usimnyime, kwani mtoto mwenye njaa hafungiwi chungu. Ila keti naye akusimulie, kwa Kinyaturu chetu akitaka. Akikwama, rudini pamoja pale juu. Vyepesi navyo mwachie avisome hata mara kumi, akicheka. Na habari ya kumrusha darasa kwa sababu ya namba moja tu ya kwenye karatasi, au kuwatangazia majirani, hiyo iache kabisa. Mimi niliitangaza kwa shule nzima, na nusura nimpoteze mtoto wa watu.

Mungu amjalie Neema macho ya kusoma na moyo wa kuelewa, na wewe akujalie masikio ya kumsikiliza. Baraka zangu unazo, mwanangu. Nenda nyumbani ukafungue hilo kabati.