Timu ilipanda daraja, Ottilia anapanda nyasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya uwanja na goli la upande wa pili halionekani. Ottilia Kapinga amepiga magoti mbele ya goli la kusini. Anashika shina la ukoka kwa vidole viwili na kulivuta taratibu, kama mama anayepima jino la mtoto lililoanza kulegea.

Shina linang'oka.

Analirudisha kwenye udongo, analikandamiza kwa kiganja, kisha anasogea mbele kidogo na kuvuta jingine. Hilo linagoma.

"Hili limeshapata kwao," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Ni Jumatatu. Alhamisi, wakaguzi wa viwanja vya Ligi Kuu watafika Mbinga. Wakiukubali uwanja huu, Milimani Stars itacheza hapa mechi zake zote za nyumbani zilizobaki. Wakiukataa, timu itaendelea kuita nyumbani uwanja wa kuazima Songea, karibu kilomita mia moja kutoka hapa, na Ottilia atapoteza kazi. Viongozi wamemweleza bila kumficha kwamba klabu haiwezi kumlipa mtu wa kumwagilia uwanja usiochezewa.

"Hawajanionea," anasema. "Hata mimi ningekuwa na duka, nisingemlipa mtu afagie chumba kisicho na bidhaa. Ila sijakubali kwamba chumba kitabaki kitupu."

Ottilia ana umri wa miaka 47. Ni mjane na mama wa watoto watatu, mzaliwa wa kijiji cha Namswea, ambako bado ana shamba dogo la kahawa linaloangaliwa na mdogo wake. Alianza hapa kama mfagizi wa jukwaa. Aliyekuwa akichora mistari alipohama, yeye akaachiwa chokaa, kamba na ufunguo wa geti. Analipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, mwezi ambao klabu ina fedha.

Wakati huo hapakuwa na nyasi za kutunza. Uwanja ulikuwa udongo mwekundu wenye mawe, umeinama kidogo kufuata kilima. Na kwenye udongo huo Milimani Stars ilimaliza msimu mzima uliopita bila kufungwa nyumbani, ikapanda Ligi Kuu.

"Tulikuwa tunajua kila shimo," anasema nahodha Goodluck Mbunda, beki wa kati ambaye zamani alikuwa kibarua wa kukoboa kahawa. "Kuna mahali pale karibu na kibendera cha kona, mpira ukifika lazima ukate kulia. Mgeni anausubiri kushoto. Halafu mgeni huyo amekuja na kona zote za barabara hii, amelala kwenye baridi asiyoizoea. Tunaanza mechi yeye ameshachoka."

Kanuni za Ligi Kuu hazikuruhusu uwanja kama huo. Kwa hiyo kitu kilichoipandisha timu ndicho kilichoifungia nje ya kwao. Mpaka duru ya kwanza inamalizika, Milimani Stars ilikuwa ya pili kutoka mkiani, ikiwa imeshinda mechi mbili tu.

Goodluck hapendi kusingizia uwanja peke yake. "Ligi ya chini ukikosea, unapata muda wa kukimbia kurudi. Huku ukikosea mara moja, unageuka unakuta mpira uko wavuni. Halafu wenzetu wana watu wawili wazuri kila nafasi. Mimi nikiumia, anayeingia ni winga." Anacheka, kisha anaacha kucheka. "Lakini ningependa nifungwe kwetu. Songea tunacheza watu wetu wakiwa hawapo. Mtu wa Tingi atoke asubuhi, alipe nauli kwenda na kurudi, arudi usiku wa manane aje kusema tumefungwa mbili. Anakwenda mara moja. Ya pili anasikiliza redio."

Katibu wa klabu, Abdulkarimu Makame, anayeuza vifaa vya ujenzi jirani na stendi, anaanza hesabu yake mbali zaidi. Babu yake alikuja Mbinga kutoka Kilwa kununua kahawa na hakurudi. Mjukuu anasema hata yeye hatahama kwa sababu ya msimu mmoja mbaya.

"Tulifanya makosa ya furaha," anasema. "Tulizunguka mji na tarumbeta siku tatu. Wenzetu siku hizo walikuwa wanasajili. Kuja kuamka, washambuliaji wetu wawili wameshachukuliwa. Basi na sisi tukaleta vijana wapya kwa mpigo, karibu timu nzima. Wazuri, siwasemi vibaya. Lakini wamejuana mwezi wa saba, ligi ikaanza mwezi wa nane. Hata kumwita mwenzake kwa jina bado anakosea. Na uwanja ndio huo. Tulipanda daraja, nyasi tukasahau kupanda."

Nyasi hazikusahauliwa kabisa. Zilipandwa mwezi wa nane, na namna zilivyopandwa ni habari inayosimuliwa Mbinga hadi leo.

Klabu iliomba watu wa kujitolea, na watu walikuja. Akina mama walitoka Namswea na majembe yao, vijana walitoka Tingi. Ukoka wenyewe ulitoka ufukweni, karibu na Mbamba Bay, kwenye lori la Kilian Haule, dereva ambaye kwa kawaida hupandisha dagaa wa Ziwa Nyasa kuja kuwauzia watu wa milimani. Mke wa Kilian ni mtu wa Namswea, kwa hiyo Ottilia kwake ni shemeji.

Kwa Wamatengo, mlima unalimwa kwa ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga chini kwa mistari inayokatizana. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia nyasi zile, kukabaki vishimo vinavyoshika maji ya mvua, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Ottilia amefanya hivyo tangu alipoweza kuinua jembe.

"Hakuna aliyetufundisha kupanda nyasi," anasema. "Nimezaliwa nikizijua nyasi kwa kuzifukia. Sasa umeniletea lori zima, umezimwaga mbele yangu, umeniambia shika jembe. Mikono ingefanya nini?"

Walizifukia zote, na kwa bidii. Walifukia huku wakiimba, wakahakikisha hakuna hata jani moja lililobaki nje. Ottilia akamwagilia asubuhi na jioni kwa wiki mbili na zaidi. Hakikuota kitu.

Kilian alipoleta mzigo wa pili, alishuka kwenye lori, akakwangua udongo kwa kidole cha mguu, akainama kunusa.

"Shemeji," akasema, "mmepanda au mmezika?"

"Tumepanda."

"Mbona sioni hata mmoja aliyefufuka?"

Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Ottilia naye alicheka. Wenzake walipoondoka, alikwenda nyuma ya jukwaa akakaa peke yake hadi jua likazama. Mzigo wa pili ulinyauka ukiwa juu ya lori, kwa kuwa hakuna aliyejua aufanyie nini.

"Mimi namtania, lakini na mimi nilihusika," anasema Kilian. "Niliwaletea kitu bila kuwaambia kinaishi vipi. Kwetu ukoka haupandwi. Unautupa mchangani, ng'ombe anaukanyaga, kesho umetambaa. Sikujua kama kuna watu duniani wanahitaji kuelezwa hilo."

Maneno ya ng'ombe ndiyo aliyoyashika Ottilia. Akaandaa kitalu kidogo nyuma ya jukwaa na kujaribu: vipande vyenye mizizi, mfereji wa kina cha kidole, ncha zibaki nje, kisha kukanyaga kwa mguu. Udongo mwekundu ulipokuwa ukikauka na kujifunga, Kilian akaleta mchanga wa ziwani wa kuchanganya. Kitalu kikaota. Ila kiangazi kilikuwa kikali na maji ya tangi hayakutosha uwanja mzima, ikabidi wasubiri mvua za Novemba ndipo waupande wote. Timu nayo ilikuwa Songea, ikifungwa.

"Kila walipopoteza, na mimi nilihesabu nimefungwa," anasema Ottilia.

Si kila mtu aliyefurahia uwanja ulipoanza kuwa wa kijani. Baadhi ya mashabiki walimwambia amewanyang'anya silaha, kwamba wageni sasa watacheza Mbinga kama wako kwao. Ottilia alimpelekea nahodha swali hilo.

"Shikamoo mama," Goodluck alimjibu, "wana haki. Yale mashimo yalikuwa mabeki wawili."

"Marahaba. Kwa hiyo niyarudishe?"

"Usiyarudishe. Sisi wenyewe hatukujifunza kupiga pasi kwa sababu yake."

Alhamisi hiyo wakaguzi wawili walifika kukiwa na manyunyu. Mdogo alipima mistari na urefu wa goli. Mkubwa, mtu wa maneno machache, alizunguka uwanja akiwa ameweka mikono nyuma. Upande wa juu, nje ya mstari, alisimama mbele ya safu ya vishimo.

"Haya ni nini?"

"Ngolo," alisema Ottilia. "Maji ya kilima yanaishia humo. Zamani yalikuwa yanakata uwanja katikati."

"Mchezaji akitumbukia?"

"Mchezaji akifika huku ameshatoka nje muda mrefu. Huyo atakuwa na matatizo yake."

Mkaguzi hakucheka, lakini aliendelea kutembea taratibu zaidi. Katikati ya uwanja aliinama akavuta nyasi. Ziligoma. Pembeni ziligoma. Kwenye goli la kusini alivuta, akainuka na shina mkononi.

"Mama, hapa bado."

"Bado," Ottilia alikubali. "Kivuli cha jukwaa kinalala hapo mpaka karibu saa tano. Ukoka unataka jua."

"Mechi yenu ya kwanza ya duru ya pili ni baada ya wiki mbili."

"Nina kitalu ambacho kimeshika. Nitakikata vipande vipande pamoja na udongo wake, kama mkate, nivipange hapa."

"Umewahi kufanya hivyo?"

"Sijawahi."

Abdulkarimu alikuwa amesimama nyuma yao. Anasema alitamani ardhi immeze. "Mimi ningesema ndiyo," anaeleza. "Tena ningeongeza na mahali nilipofanya."

Mkaguzi aliomba aonyeshwe kitalu. Alivuta kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili. Aliporudi kwa viongozi alisema uwanja umekubaliwa kwa sharti: goli la kusini libadilishwe, na timu isifanye mazoezi hapo hata siku moja. Atarudi mwenyewe kuangalia. Akikuta bado, mechi itahamia Songea, na hatakuwa na la kuongeza.

Ijumaa asubuhi Ottilia, wanawake wanne wa Namswea na Kilian walikata kitalu. Vipande vya kwanza vilivunjika mikononi kwa kuwa walivikata vyembamba. Walivikata vinene zaidi, wakavibeba juu ya mbao, vizito kama matofali mabichi, wakavipanga mbele ya goli vikigusana, na kujaza nyufa kwa mchanga wa ziwani. Abdulkarimu aling'oa mabati mawili ya juu ya jukwaa ili jua liingie mapema.

"Mvua ikinyesha watu watalowa," Ottilia alimtahadharisha.

"Wameshalowa Songea," alijibu katibu.

Siku zilizofuata alikuwa akifika kabla ya ukungu kuondoka, akivuta shina moja moja. Vipande vilivyogoma aliviacha. Vilivyolegea alivikandamiza na kuvinyunyizia maji kwa kopo, si kwa mpira wa maji, ili mchanga usihame.

Jumanne ya wiki ya mechi mkaguzi alirudi peke yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye goli la kusini, akachuchumaa, akavuta. Akasogea, akavuta tena. Alisimama, akafuta mkono kwenye suruali.

"Chezeni," alisema.

Mechi ni Jumamosi. Milimani Stars bado ni ya pili kutoka mkiani, na timu inayokuja iko nafasi ya nne. Goodluck haahidi ushindi. Anachoahidi ni kwamba dakika ya themanini, miguu ikiwa imekwisha, atasikia sauti anazozijua, na kwamba mwaka huu hajawahi kuwa na kitu hicho.

Ottilia ana hofu nyingine. Siku timu ilipopanda daraja, mji mzima uliingia uwanjani kucheza ngoma, na kwenye udongo ule haikudhuru kitu. Vipande vya goli la kusini havitahimili hata robo ya watu hao. Kwa hiyo wiki hii anazunguka kuomba watu wasiingie. Amezungumza na waumini baada ya misa, Abdulkarimu amelifikisha ombi hilo msikitini, na jana alikuwa kijiwe cha bodaboda kuomba vijana watakaosimama nyuma ya goli.

"Mama, tukishinda unatuambia tukae nje?" mmoja alimuuliza.

"Shangilieni mpaka mkauke sauti. Mstari msiuvuke."

"Huo utakuwa msiba sasa."

"Nyasi hizi nimeshazifanyia msiba mmoja," alijibu. "Wa pili sifanyi."

Klabu imemwambia mshahara utaendelea hadi mwisho wa msimu. Yeye ameshaanza kitalu kingine, kikubwa zaidi, cha uwanja wa mazoezi, ambao bado ni udongo mtupu. Anasema timu ibaki Ligi Kuu au ishuke, vijana wanaokuja wajifunze pasi zao kwenye nyasi. Ukoka wa kuanzia utafika na Kilian wiki ijayo, juu ya dagaa.

Na kama Jumamosi timu itashinda, nani atamzuia yeye asiingie uwanjani?

Ottilia anatazama goli la kusini.

"Mimi nitaingia," anasema. "Lakini nitavua viatu."