Kitabu Walichoapia Ikola

Mimi hukusanya vijitabu vya adabu vya karne ya kumi na tisa, vile vidogo vya kutia mfukoni, ambavyo Wazungu wa zamani walijifunzia namna ya kupiga hodi, kunywa supu na kuongea na mkwe. Nimestaafu ualimu, kwa hiyo nina haki ya kujichagulia wazimu wangu. Navitunza kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, maana mchwa wa mtaa wetu wa Makanyagio hawana adabu hata chembe. Mume wangu akiniona nimerudi na kingine, huguna: "Haya, marehemu mwingine kaja kutufundisha kula." Mwache agune.

Siku moja mama anayeniuzia dagaa sokoni aliniambia kwamba kwao Ikola, kijijini kando ya ziwa, kwa bibi yake, kuna kitabu kidogo cha sala cha Kiingereza, kina rangi ya dhahabu pembeni. Kilitoka kwa wamisionari, wakati mzee mmoja wa ukoo wao akiwapikia. Dhahabu pembeni, kama baadhi ya vyangu! Kesho yake nikapanda gari la Ikola.

Bibi alinipokea vizuri. Nikampa shikamoo, akanipa kiti, tukala ugali, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Ndipo akamwagiza mwanawe, mvuvi mwenye kifua kama mlango, alete kitabu. Kilikuwa kimefungwa ndani ya kitenge, na niliambiwa ninawe tena kabla ya kukigusa.

"Hicho ndicho tunachoapia hapa," bibi alisema. "Mtu akiahidi jambo zito, anaweka mkono juu yake."

Nikafungua. Jamani! Hakikuwa na sala hata moja. Mwanzoni kilieleza wakati wa kuvua glavu. Mbele kidogo, supu: usiipulize, usiivute kwa kelele. Nilikuwa nimeshika kitabu ambacho nilikitafuta miaka yote, na ukoo mzima ulikuwa unaapia supu.

Sasa nifanyeje? Nikinyamaza, hakitoki; nani atampa mgeni kitabu cha sala cha ukoo? Nikisema, nitaonekana nimekuja kuwatukana kwao, tena nimeshiba ugali wao. Lakini mdomo wangu haujui kukaa na jambo. Nikasema.

Mvuvi akasimama. "Mwalimu, unasema nini? Mimi niliacha pombe kwa kitabu hiki!"

Nilimwogopa yeye, na nilijiogopa zaidi mimi. Akienda kunywa jioni ile, basi mimi ndiye niliyemfungulia chupa.

Bibi akamtazama mwanawe. "Uliacha?"

"Niliacha."

"Umerudia?"

"Sijarudia, mama."

"Sasa kelele za nini? Aliyeacha ni kitabu au ni wewe?"

Mvuvi akakaa taratibu. Akaangalia mikono yake, kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Supu!" alisema. "Nimeacha pombe kwa supu!" Akacheka mpaka wanawake waliokuwa wanaanika dagaa nje wakachungulia. Bibi naye akajifuta machozi kwa pindo la khanga.

Bibi akanigeukia. "Ungeninyamazia nisingejua kitu. Kingekuwa cha sala, kisingetoka humu mpaka mnizike. Cha supu chukua, mwanangu."

Nilipiga kigelegele, mtu mzima mimi, mwalimu mstaafu! Nikanyoosha mikono yote miwili kukipokea. Lakini bibi hakukiachia.

"Kwanza weka mkono. Apa kwamba ukitusimulia huko mjini, hutatutaja majina."

"Bibi, niapie kitabu cha supu?"

"Kinashika hicho," alisema, akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Muulize huyo."

Nikaweka mkono, nikaapa kwa sauti kubwa. Kitabu kiko kwangu. Majina yao msiniulize.