Mimi na mama mkwe tulivyoshika shuka moja hospitalini Kasongo

Wakuu, salaam kutoka Maniema.

Nimekaa humu muda mrefu nikisoma visa vyenu na kucheka peke yangu kama mtu aliyerogwa. Leo tumekuja Kasongo kwa kontroli ya dokta, mtandao umekubali, na mimi niweke changu.

Ninachoandika kimetokea kweli. Mwenye ugonjwa mwenyewe amekaa hapa pembeni, na kila nikitaka kuongeza chumvi ananichoma na kiwiko.

Kiswahili changu mtakivumilia. Shule niliiacha mapema. Baba alitutoka, mama akamfuata, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba, kwa hiyo nikashika jembe. Sililalamikii hilo. Wadogo zangu walisoma, na mmoja wao mtamkuta huko mbele.

Mimi ni mkulima wa mpunga upande wa Wamaza, Kabambare. Mke wangu anaitwa Mwavita, kwao ni Lusangi.

Mwavita alianza kulalamika mgongo wakati wa kuvuna. Tukasema ni kuinama tu, nani asiyeumwa mgongo wakati wa mpunga? Nikamkanda kwa maji moto. Mgongo ukakataa.

Halafu miguu ikaanza kufa ganzi. Kandambili zilimtoka bila yeye kujua. Siku moja aligeuka akaona kandambili yake imebaki mbali kule nyuma njiani, na hakucheka. Na Mwavita ni mtu wa kucheka.

Hapo nikaogopa.

Tulimleta Kasongo kwa pikipiki. Dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma, kitenge kimetufunga wote watatu kama mzigo mmoja. Wanaoijua barabara hiyo hawahitaji maelezo. Wasioijua, wamshukuru Mungu.

Picha zikapigwa. Dokta akasema ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo.

Mwavita akamuuliza, "Dokta, mimi sikohoi hata kidogo. Kifua kikuu kimepitia wapi?"

Dokta akatueleza kwamba ugonjwa huu haukai kifuani tu, unaweza kwenda kwenye mifupa. Dawa iko, lakini ni ya kumeza kila siku kwa miezi mingi bila kuruka. Na mgonjwa alale ametulia, mgongo umenyooka, mpaka mifupa ishikane. Akifuata yote, kuna matumaini ya kutembea tena. Akitikiswa vibaya je?  Hapo dokta aliitazama miguu ya Mwavita, akatikisa kichwa.

Wasiojua hospitali za kwetu: muuguzi anatoa dawa na sindano. Kupika, kufua, kuosha mgonjwa, hayo ni ya ndugu anayebaki naye, tunamwita garde-malade. Na kwenye wodi ya wanawake, garde-malade ni mwanamke.

Mimi mwanamke sikuwa naye. Dada yangu mdogo, Anifa, ni mwalimu Kabambare, wengine wako mashambani, na mtoto wetu Salumu tulimwacha kwa mdogo wangu. Nikabaki mwenyewe.

Wanawake wa kwenye banda la kupikia walinicheka mpaka wakachoka, wakanibatiza jina la Mama Garde. Lakini wakuu, mimi nililea watoto nikiwa mtoto. Sombe yangu, ndiyo kisamvu kwa wengine, walipoionja, kicheko kilipungua, wakaanza kuleta sahani.

Sasa ndiyo tufike penyewe.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima. Humwangalii, huli mbele yake, hulitaji jina lake. Siku hizi wengi wameacha, lakini mama mkwe wangu si wengi. Jina lake hata hapa sitaliandika. Hata peke yangu msituni sijawahi kulitamka.

Kuna siku tulikutana kwenye njia ya sokoni, mimi na baiskeli yenye mzigo. Niliingia majanini na baiskeli, karanga zikamwagika zote, nikabaki nimeinama huko mpaka hatua zake zikapotea. Huo ndio ulikuwa ukaribu wetu.

Basi mama mkwe akasikia binti yake yuko hospitali. Akaja.

Nilikuwa kando ya kitanda namlisha Mwavita. Nikamwona mlangoni, mzigo kichwani. Wodi ina mlango mmoja na yeye alikuwa ndani yake. Nikaruka dirishani, na sahani mkononi.

Mwavita anasema nieleze kwamba sahani ilikuwa yake na alikuwa hajashiba. Haya, nimeeleza.

Tukaweka utaratibu. Kabla ya kuingia, mtu akohoe mlangoni. Mama akikohoa, mimi natoka. Mimi nikikohoa, yeye anatoka.

Wakuu, ni hospitali. Kila mtu anakohoa.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja tuliyemwita Mama Furaha, kikohozi chake kizito kama cha mama mkwe. Akikohoa, mimi dirishani. Nilitoka na ufagio, nilitoka na kiatu kimoja. Mwisho alianza kukohoa makusudi, nami nikaruka, yeye akabaki anacheka na shuka mdomoni. Ningekasirika, lakini wodi ile ilihitaji kicheko.

Kicheko kikaisha siku muuguzi alipoona kidonda.

Kilikuwa kinaanza chini ya mgongo, kwa sababu ya kulala chali muda wote. Muuguzi akasema mgonjwa ageuzwe mara nyingi kwa siku, na ageuzwe kama gogo, mwili wote pamoja bila kujikunja. Watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakivuta shuka aliyolalia. Wauguzi ni wachache, wagonjwa wengi. Hao wawili ni ndugu wa mgonjwa.

Ndugu walikuwepo wawili. Ila hawakuweza kukaa chumba kimoja.

Mama akajaribu mwenyewe. Mgongo ukajikunja, na Mwavita akalia sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Siku nyingine aliomba msaada kwa garde-malade wa vitanda vingine, lakini kila mmoja ana wake. Kidonda kikakua.

Mama akaamua. Akasema anamrudisha binti yake Lusangi, ambako kuna wanawake wengi wa kumgeuza.

Mnaona shida yangu? Barabara ile ingeuvunja mgongo, na dawa zingekatika. Nilikuwa na jambo kubwa kuliko yote la kumwambia mtu, na mtu huyo siruhusiwi kusema naye.

Nikaenda nje, nikakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani. Mama yuko ndani. Nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Mwavita, mwambie mama: dokta amesema barabara itakuvunja."

Mama akajibu, naye akimwambia Mwavita: "Mwambie bwana yako: hapa nani atakugeuza? Mikono yangu ni miwili. Lusangi iko mashangazi, iko wadogo zako."

"Mwambie mama: dawa iko hapa."

"Mwambie: kidonda pia iko hapa."

Halafu Mwavita: "Nyinyi wawili, mimi ni mugonjwa ao ni simu?"

Wodi nzima ikacheka. Mama Furaha akacheka mpaka akakohoa, na mimi, wallahi, nikainuka kukimbia na huku nilikuwa tayari nje.

Kisha Mwavita akasema polepole, "Mama, mikono mingine iko inje hapo. Ndiyo inapika sombe unayokula."

Mama hakujua. Muda wote alidhani chakula kizuri kile kinatoka kwa garde-malade wa Mama Furaha. Nilimsikia anavuta pumzi.

 Ndipo akasema desturi yenyewe ina mlango wake. Mkwe anaweza kutoa haya: analeta kuku na kitenge, vinapokelewa, na baada ya hapo yeye na mama mkwe wanaweza kuonana kwa kazi inayowakutanisha. Lakini mkwe hajileti mwenyewe. Anasimamiwa na baba yake, au mkubwa wa nyumba yao.

"Na huyu nani atamusimamia?" akauliza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza tu.

Pale chini ya dirisha ndipo nilipojisikia yatima upya. Wadogo zangu wote niliwasimamia mimi, kwenye ndoa, kwenye msiba, kwenye shule. Sikuwahi kujiuliza siku yangu ikifika atakaa nani kwenye kiti cha baba.

Nikampigia Anifa. Nilidhani atatafuta mzee wa kuazima kijijini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaya, kaka yangu, nyamaza kwanza. Ninakuja."

Akafika na pikipiki, mwekundu kwa vumbi kuanzia kichwani, kuku mweupe kwapani, kitenge kipya ndani ya mfuko wake wa shule. Hata maji hakunywa. Aliingia wodini moja kwa moja, mimi nikabaki nje ya mlango nimeinamisha kichwa.

Akapiga magoti mbele ya mama, akaweka kitenge, akashika kuku.

Mama akamtazama. "Wewe ni mwanamuke, tena mudogo. Baba yake iko wapi?"

Anifa akajibu, "Mama, baba yetu aliniacha mimi sijui hata kuvaa viatu. Huyu alinivalisha. Alikuwa baba yangu miaka yote. Leo mimi ni baba yake."

Hata Mama Furaha akakibana kikohozi chake.

Mama akamchukua kuku, akampapasa kifua. "Baba ni mudogo," akasema, "lakini kuku ni munene."

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa.

Masharti alitoa. Kula, nisile mbele yake. Jina lake, nisilitaje. Mengine, niingie.

Nikaingia nikiangalia saruji. Muuguzi akatupanga, mmoja huku, mmoja kule. Nikashika pembe zangu mbili za shuka, mama akashika zake. Nilikuwa nimekunja viwiko, naogopa kuisogelea mikono yake. Na hapo mama mkwe wangu akanielekezea maneno ya kwanza tangu nimuoe binti yake:

"Mukwe, nyoosha mukono. Huyu ni mutoto wangu, si gunia ya mupunga."

Tukavuta. Mwavita akageuka kama gogo, amenyooka. Hakulia. Alifumba macho, akasema, "Hapo, hapo."

Baada ya hapo tukawa kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mimi naangalia shuka, yeye anaangalia ukuta, hatugongani. Kidonda kikaanza kukauka, kikafunga. Muuguzi akawa anawaita ndugu wa wagonjwa wengine waje kutazama mtu anavyogeuzwa. Kuku yule hatukumchinja. Alifungwa bandani, akataga, na Mwavita akala mayai.

Miguu lakini ilibaki kimya. Dawa zinamezwa, mpunga wa wenzangu unapandwa kule Wamaza, miguu kimya. Sitawadanganya, kuna siku nilipika huku machozi yanadondokea sufuriani na nikasingizia moshi.

Asubuhi moja niko bandani na sufuria. Nikaona miguu ya mama mkwe mbele yangu. Hakukohoa. Nikainua kichwa, naye ananitazama usoni kabisa, maji ya kumwosha binti yake bado yanamtoka mikononi.

"Kidole imetingishika," akasema. "Kidole kikubwa. Nimeona."

Ndipo akakumbuka anamtazama nani. Akajifunika uso kwa kitenge, mimi nikajifunika kwa mfuniko wa sufuria. Wanawake wa bandani wanaigiza jambo hilo mpaka leo.

Baada ya kidole ukaja mguu. Baadaye akakaa. Baadaye akasimama akinishika shingo mimi upande huu na mama upande ule, anatukanyaga wote wawili na kutulaumu kwamba hatuna mdundo. Alijifunza kutembea kama mtoto, na wodi ikimpigia makofi. Tuliporuhusiwa, dawa akaendelea kumeza kwenye kituo cha afya karibu na nyumbani, mpaka kidonge cha mwisho.

Juzi juzi tuko nyumbani Wamaza, ninakula supu. Nikasikia kikohozi mlangoni. Kile kizito ninachokijua.

Nikainuka na bakuli, naangalia dirisha lilipo.

Mwavita akasema, "Kaa, usimwage supu. Nitamuweka kwanza ukumbini."

Akainuka mwenyewe. Hakushika ukuta, hakushika fimbo. Alikwenda kumfungulia mama yake, na nilichosikia mimi ni kandambili. Zote mbili. Pa, pa, pa, mpaka mlangoni.

Nilichojifunza, wakuu, ni haya.

Mgongo usiosikia dawa, na miguu ikaanza kufa ganzi, usikande ukangoja kama mimi. Nenda hospitali. Kifua kikuu si kukohoa tu.

Wanaume wenzangu, mkeo akilazwa usitume mtu halafu ukae nje kwenye benchi na redio. Ingia, pika, fua, geuza. Watakucheka, halafu watakuletea sahani.

Na desturi zetu msizitupe haraka. Mimi nilidhani yangu ni ukuta, kumbe ilikuwa na mlango. Tulihitaji tu mtu wa kutusimamia, na wangu niliyemhitaji nilimlea mwenyewe bila kujua.

Sasa semeni na nyinyi. Kwenu mkwe anatoaje haya? Kuna aliyewahi kumuuguza mwenzi wake muda mrefu hivi, alishikilia nini asianguke? Na wanaotaka kunicheka kwa ajili ya dirisha, chekeni, nimezoea.

Mimi naishia hapa. Jina letu limeitwa, na Mwavita ameshasimama mlangoni ananingoja mimi.