Samaki Ndani ya Chapati

Siku za mwanzo mama mkwe wangu hakunywa chai yangu hata mara moja kabla sijainywa mimi. Nilikuwa nikimimina vikombe vitatu, cha mume wangu, chake na changu. Mume wangu alikuwa mtu wa kunywa chai ikifuka moshi, anamaliza kabla hujakaa. Mama yake alishika chake mapajani, akakipuliza hata kikishapoa, macho yote mdomoni mwangu. Nikishameza ndipo naye anapiga funda. Mwanzoni nilidhani ni adabu za kwao, watu wasubiriane. Baadaye nikaanza kumshuku kama alivyokuwa akinishuku yeye.

Tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, chumba kimoja na jiko tulilotumia pamoja na jirani. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Yeye mtu wa ziwani, mimi wa milimani, na kwetu miaka ile mtu akikwambia amekula samaki unamtazama kama aliyekwambia amekula nyoka. Mama yangu alisema samaki ni nyoka aliyeumbwa kwa haraka, ndiyo maana hana shingo. Nililelewa na maneno hayo, na tumbo halijui kwamba umeolewa.

Lakini kupika nilijifunza, tena vizuri, asinidharau mtu. Nilinunua ngege, wale samaki wa kwao ziwani, soko la Gikomba, nikiwafunua mashavu kuona kama ndani ni mekundu, nikawaparua magamba, nikawakaanga, nikawachemsha kwa nyanya na vitunguu. Kula ndiko kulikonishinda. Mume wangu alijua, akaniachia. Nilimpakulia samaki wake, mimi nikala ugali wangu na sukuma wiki, na hatukuwa na ugomvi.

Basi mama yake akaja na treni, kikapu mkononi, eti kututembelea. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wangu aliingia wiki ya pili na jembe bado ninalo mimi. Alifunua sufuria zangu akazinusa. Siku moja nilimkuta ameinua mto wangu, anapapasa chini yake, na aliponiona akasema anatafuta sindano. Sindano ya nini, hata nguo hakuwa akishona. Na kila nilipopakua samaki alitazama sahani yangu.

"Wewe huli?"

"Nimeshiba, mama."

Hata jana yake nilikuwa nimeshiba, na juzi pia.

Wao wawili walizungumza lugha yao, ambayo sikuijua. Aliyenifasiria ni jirani yangu wa jikoni, ambaye kwao pia ni huko ziwani. Alinijia nikichambua mboga, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mkwe wako anasema mpishi asiyekula chakula chake ana jambo. Anasema unamtilia mwanawe dawa kwenye samaki, ndiyo maana siku hizi haendi nyumbani hata Krismasi. Ameshamwona msichana huko, wa kanisa lao. Anataka Jumapili mwanawe aandamane naye akamwoe."

"Na yeye alijibu nini?"

"Hakujibu kitu."

Haki, dawa sikuijali. Kilichoniuma ni huko kunyamaza kwake. Mtu anaambiwa aongeze mke, naye ananyamaza? Nikamshuku mume. Nikamshuku na jirani, maana mbona anaongea huku anatabasamu. Mchana kutwa nilichemka pamoja na maharagwe, na jioni nikaamua: nitakula samaki mbele ya yule mama, aone, arudi kwao na msichana wake abaki naye huko.

Shida ilikuwa macho ya samaki. Na ile mifupa, na ule mkia. Nikakumbuka mume wangu alivyonisimulia kwamba pale nje ya karakana wanaume hununua chapati, wanaifungia maharagwe ndani, wanaishika kwa mkono mmoja na kula wakitembea. Nikasema, kama maharagwe yanafungika, samaki pia atafungika. Nisipomwona nitammeza.

Ilikuwa Jumatano. Sasa, chapati enzi zile zilikuwa za Krismasi, au Jumapili ukiwa na mgeni wa heshima. Nilipoanza kusukuma unga Jumatano, jirani alichungulia jikoni akauliza nani anakuja. Mama mkwe akavuta kigoda mpaka mlangoni, akaketi kunitazama.

"Chapati leo? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Hilo jibu halikumsaidia mtu. Nilikaanga ngege, nikawachambua kwa vidole mpaka nikadhani mifupa yote imekwisha, nikawatia pilipili na ndimu. Nikakata kabichi nyembamba, nyanya na majani ya dania, nikaweka vyote juu ya chapati moto, nikazikunja. Harufu ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Lakini nilipofika kwenye yangu, mkono ulikataa. Nikaijaza kabichi na nyanya tupu. Nilijiambia nitang'ata hiyo kwanza, nizoee ule mkunjo, halafu nile ya pili yenye samaki.

Tukaketi. Mama mkwe aliigeuza yake huku na huku kama mzigo uliookotwa barabarani.

"Samaki yuko wapi?"

"Yumo ndani, mama."

"Kichwa chake?"

"Nimekitoa."

"Kwetu samaki huja na kichwa chake," akasema, "ili mtu ajue anakula nani."

Akaomba sala ya chakula, ndefu, na alipofika kwenye hila za adui sauti ikapanda. Baada ya amina akanyoosha mkono, akachukua chapati yangu, akaweka yake mbele yangu. Hakunieleza sababu. Nilitaka kusema neno, lakini alikuwa ameshang'ata.

Alitafuna polepole, kisha akaikunjua yote kwenye sahani, akaipekua kwa kidole.

"Kabichi," akasema. Akamgeukia mwanawe, na safari hii alisema kwa Kiswahili ili nisikie. "Yake haina samaki. Umeona sasa?"

Mume wangu alikuwa ameshakula nusu ya yake. Shavu lilikuwa limejaa, na alikuwa ameacha kutafuna. Aliitazama ile chapati mkononi mwake. Mtu ambaye nimempikia tangu anioe.

Hasira iliyonishika hapo sijapata kuisikia tena. Niliichukua chapati ya mama yake nikaila yote, samaki na pilipili. Mfupa mmoja ulinichoma kooni nikaumeza. Kisha nikainyakua ile nusu mkononi mwa mume wangu, nikaila pia, machozi yakinitoka.

"Sijawahi kula samaki tangu nizaliwe," nikamwambia mama yake. "Kwetu tunaambiwa ni nyoka. Ninamwogopa. Dawa niliyotia ni pilipili na ndimu."

Nikatoka mbio mpaka kwenye bomba la maji nje, na samaki wote wakarudi njia waliyoingilia. Majirani walitoka kutazama, watatazama nini kingine. Nikasikia mkono mgongoni na mwingine ukinishika paji la uso. Alikuwa mama mkwe. Alifungua bomba akaninawisha uso mwenyewe, na nikamsikia akicheka kidogo kidogo.

"Mchawi gani huyu," akasema, "anayetapika ngege wake mwenyewe."

Tuliporudi ndani alikula chapati mbili za samaki, akalalamika chumvi imepungua, akaniuliza pilipili nanunua wapi. Mume wangu alikuwa ameketi pale pale tulipomwacha. Alisema ameshiba.

Asubuhi nikamimina chai, vikombe vitatu. Mama mkwe alichukua chake akanywa pale pale, funda refu, hata sijaketi. Nilifurahi, nikageuka nimwone mume wangu kama ameona.

Chake kilikuwa mapajani. Alikuwa akikipuliza, macho mdomoni mwangu.

Mama yake alimwona, nami nikajua amemwona. Akaweka kikombe chini, akakionyesha kwa kidole kile cha mwanawe, akamwambia neno moja. Hakulisema kwa Kiswahili, lakini hilo sikuhitaji jirani wa kunifasiria.