Uji wa Bibi Uliopanda Ndege

Ulianza mngurumo. Vingunguti tulikokulia, ndege ilisikika kwanza: mabati yakatetemeka, kuku wakajibanza ukutani, ndipo tumbo lake jeupe likatokea juu ya paa la jirani. Hata leo nikisikia ndege ikishuka, hunijia harufu ya uji wa ulezi.

Siku ile ilikuwa ndege ya Mtwara, na ndiyo hiyo hiyo ingegeuza kurudi huko. Asubuhi redio ilikuwa imemtaja mama yangu kwa jina lake kamili: mama yake mzazi ni mgonjwa sana, afike haraka. Masika yalikuwa yamekata barabara, Rufiji imefurika, na hata kiangazi basi lilichukua mchana kutwa na usiku kucha. Ndege ilichukua saa moja na ushei tu. "Ukianza kupiga mwayo hapa," baba alizoea kututania, "unaumalizia Mtwara." Alikuwa ametoka mbio kwenda kutafuta nafasi, na alikuwa bado hajarudi.

Mimi nikapika. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua mambo mawili: bibi alipenda uji mwepesi, na chupa yetu ya chai, ile ya maua mekundu, ilitunza moto hadi alasiri. Kwa basi uji ungechacha njiani. Kwa ndege ungefika na mvuke wake, bibi anywe, apone. Sukari siku hizo ilikuwa ya kupanga foleni. Nikatia yote tuliyokuwa nayo, na hakuna aliyenigombeza. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Wanawake wa mtaani waliingia mmoja mmoja, wakavua kandambili, wakakaa mkekani na mama. Hakuna aliyeuliza bibi anaumwa nini.

"Ndege imeshatua!" nikalia. "Itamwacha mama!"

"Tulia, mwanangu," akasema Mama Zuhura, jirani yetu. "Na ndege nayo lazima inywe mafuta."

Lakini alikuwa akichungulia barabarani zaidi kuliko mimi.

Hatimaye honi. Baba aliruka kutoka kwenye pikapu ya balozi wetu wa nyumba kumi, shati limemganda mgongoni. "Mama Asha, nafasi ipo! Twende, gari halizimwi."

"Mama, uji wa bibi!"

"We Asha, uji gani tena saa hizi?"

Mama akamtazama baba, kisha akanyoosha mikono. "Ulete." Akaipakata chupa kama mtoto mchanga. "Ni wa moto?"

"Wa moto sana. Usifungue njiani."

"Sifungui, mama."

Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa. Kwetu aliye mbali hatangaziwi msiba. Huambiwa mgonjwa wake kazidiwa, ili miguu imfikishe. Mkekani pale wote walijua, na mama akiwa wa kwanza. Kaburi la bibi lingemngoja hadi alasiri tu, si zaidi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nashindana na ugonjwa, na mama, katika saa ile, hakutaka nishindwe.

Nikataka kumfuata hadi garini. Akanigeuza taratibu, akanirudisha ndani kwa kiganja kilichokwisha kupata joto la chupa, akauvuta mlango nyuma yake.